Paka Anayejisaidia Ndani: Kabla Hujanunua Dawa

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakazi katika kikao cha elimu kwa watumiaji wa bidhaa



Mwenzangu aliyenitangulia amewaeleza habari za mizani ya madukani, na atakayenifuata atawaeleza habari za mitungi ya gesi. Katikati yao nimewekwa mimi na paka. Naona baadhi yenu mnatabasamu, nami siwalaumu. Hata ofisini, nilipopendekeza mada hii, niliulizwa kama nina hakika. Nilijibu kwamba ninayo, kwa sababu ya fomu moja ya malalamiko ambayo niliijaza mimi mwenyewe, nikaijaza vibaya.

Nilikuwa na miezi michache tu kazini. Alikuja mama mmoja, mpangaji wa chumba na sebule, amebeba chupa ya nusu lita iliyokuwa ya maji ya kunywa, na ndani yake mna kimiminika cha rangi ya kahawia. Alikuwa amekinunua kwa mchuuzi aliyempitia mlangoni, akaambiwa kuwa ni dawa ya kumkomesha paka asikojoe ndani: aichanganye na maji, maji yatageuka meupe kama maziwa, kisha amwagie kila pembe ya chumba. Paka wake alikuwa dume la miaka mitatu, ambalo siku zote lilikuwa likitoka nje lenyewe. Sasa lilikuwa limeanza kukojoa nyuma ya kochi. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kumwonya mara mbili kuhusu harufu, na dawa haikusaidia kitu. Mama yule alitaka arudishiwe fedha zake.

Nilimwuliza maswali yote yaliyokuwamo katika fomu: jina la bidhaa, jina la mtengenezaji, tarehe ya kununua, bei, risiti. Bidhaa haikuwa na lebo, na risiti haikuwapo. Katika kueleza kwake alisema pia kwamba paka alikuwa akichuchumaa, akiinuka, akichuchumaa tena mahali pengine, na kwamba alichokiacha sakafuni kilikuwa matone machache yenye wekundu. Niliyaandika maneno hayo chini ya kichwa kisemacho "Maelezo mengineyo". Baada ya siku tatu nilimpigia simu ili nimweleze tulipofikia kuhusu chupa yake. Akaniambia kwamba paka alikuwa amekufa usiku wa kuamkia jana yake.

Lalamiko lilihusu chupa, nami nililishughulikia kama lalamiko la chupa. Ugonjwa ulikuwa umeandikwa katika fomu ileile, kwa mwandiko wangu, na sikuusoma. Kwa hiyo leo nitaanza na jambo ambalo katika fomu ile lilikuwa la mwisho.

Paka ni mnyama msafi kwa maumbile yake. Asili ya paka wetu wa nyumbani ni paka mwitu wa Afrika, ambaye hata sasa anaishi katika mapori ya nchi yetu, na desturi yake ni kuchimba, kujisaidia, kisha kufukia. Kitoto cha paka chenye umri wa wiki nne au tano kikiwekwa juu ya mchanga huanza kufukua bila kufundishwa na mtu. Basi paka aliyezoea kufanya hivyo anapoacha ghafla, haachi kwa ukaidi, wala halipizi kisasi kwa kuwa jana alinyimwa kichwa cha samaki. Ipo sababu. Ama anaumwa, ama mahali pake pa kujisaidia pamemchukiza au pametoweka, ama hajisaidii kabisa, bali anaweka alama. Mambo haya matatu yana tiba tatu tofauti, na hakuna chupa moja inayoyatibu yote.

Tuanze na ugonjwa, kwa kuwa ndio usiosubiri.

Paka dume ana mrija wa mkojo mrefu na mwembamba. Mrija huo ukizibwa na uteute uliochanganyika na chembe ngumu mfano wa mchanga, au ukizibwa na kijiwe, mkojo hubaki kibofuni. Figo hushindwa kufanya kazi yake, uchafu hurudi katika damu, na madini ya potasiamu huongezeka mpaka moyo unapiga ovyo na hatimaye kusimama. Tangu mrija kuziba kabisa hadi paka kufa, muda wake ni kama siku moja hadi tatu. Dalili zake ni hizo alizozitaja mama yule: kuchuchumaa mara kwa mara na kutoa matone au kutotoa kitu, wekundu katika mkojo, kulia akiwa amechuchumaa, kujiramba sehemu za siri bila kukoma, baadaye kukataa chakula, kutapika, na kulala akiwa hana nguvu. Wengi wakimwona paka anajikamua namna hiyo hudhani amefunga choo, wakamnywesha mafuta. Hilo humpotezea saa ambazo hana.

Ukiona dalili hizo kwa paka dume, usinunue kitu na usioshe kitu. Mtie katika boksi lenye matundu au kikapu chenye mfuniko, umpeleke kwa daktari wa mifugo saa ileile. Ikiwa ni usiku, piga simu usiku huohuo. Usijaribu kumkamua tumbo, kwa maana kibofu kilichojaa chaweza kupasuka mikononi mwako.

Paka jike ana mrija mfupi na mpana zaidi, hivyo ni nadra kuziba, lakini naye hupatwa na uvimbe wa kibofu. Hapa kuna jambo ambalo linawahusu moja kwa moja kama watumiaji. Kwa paka ambaye si mzee, mara nyingi uvimbe huo hausababishwi na vijidudu. Husababishwa na hofu na mabadiliko: mmehamia nyumba nyingine, mmepata mtoto, mafundi wanagonga ukuta kutwa, wageni wa arusi wamelala sebuleni wiki nzima, au paka wa jirani anachungulia dirishani kila jioni. Kibofu kinauma, kila akikojoa anaumia, na hatimaye analihusisha beseni lake na maumivu na kulikimbia. Mtu huyu akienda katika duka la dawa za mifugo na kusema tu kwamba paka anakojoa ovyo, aghalabu ataondoka na antibiotiki. Atakuwa amelipia dawa ya vijidudu ambavyo havipo. Kinachomsaidia zaidi paka wa namna hiyo ni kupimwa na daktari, dawa ya maumivu atakayoiandika daktari huyo, mahali tulivu pa kujificha, na maji mengi. Paka hunywa maji kidogo kwa asili, na anayelishwa dagaa wakavu kila siku hupata maji kidogo zaidi. Loweka dagaa hao, umwage maji ya chumvi, umpe pamoja na mchuzi usio na chumvi wala kitunguu.

Nimetaja dawa ya maumivu, nami ni lazima niseme neno hapohapo. Usimpe paka parasetamoli. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama livunjavyo ini la binadamu, na kidonge kimoja cha miligramu 500, kile tunachowapa wagonjwa wetu bila wasiwasi, kinatosha kumwua. Kukigawanya nusu hakukifanyi kiwe salama.

Magonjwa mengine nitayapita haraka. Paka mzee anayekunywa maji mengi kuliko kawaida na kukojoa mengi huenda ana ugonjwa wa figo au kisukari, na pengine hukojoa ndani kwa kuwa tu hakuwahi kufika nje. Paka mzee mwenye maumivu ya viungo hawezi kuruka ukingo wa beseni refu. Mkatie mlango upande mmoja. Anayeacha kinyesi sakafuni huku akikojoa mahali pake huenda anaharisha, ana minyoo, au choo ni kigumu na kinamwumiza. Yote haya ni ya daktari.

Sasa tuseme paka amepimwa na yuko mzima. Hapo ndipo tunapoyatazama mazingira, na hapa naomba mtazame mtaa wenyewe jinsi ulivyobadilika. Zamani nyumba nyingi zilikuwa na ua wa udongo, jiko la kuni lenye majivu, na bustani ndogo ya mchicha. Paka alikuwa na vyoo vitatu bila mtu kufikiri. Leo ua umesakafiwa kwa matofali ya kisasa mpaka kwenye shina la mwembe, tunapikia gesi, na mchicha tunanunua. Nimeshuhudia nyumba ambayo paka wake wawili walikuwa wakijisaidia miezi minane katika rundo la mchanga wa jirani aliyekuwa akijenga. Jirani alipomaliza kupiga lipu, mchanga ukaisha, na wiki hiyohiyo paka wakaanza kujisaidia kwenye kapu la nguo. Mwenye nyumba alisema paka wamerogwa. Walikuwa wamepoteza choo tu.

Vivyo hivyo, wakati wa masika paka huchukia kutoka nje, na usiku tunafunga milango na madirisha kwa kuogopa wezi. Paka aliyefungiwa tangu saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi bila mchanga hana hatia yoyote.

Dawa yake ni beseni la mchanga, na karibu kila nyumba inaweza kulipata bila gharama kubwa. Beseni la plastiki la kufulia latosha, mradi liwe refu kiasi cha mwili mmoja na nusu wa paka, ili aweze kugeuka ndani yake. Tia mchanga laini mkavu wa kina cha vidole vitatu hivi. Maranda ya seremala yanafaa pia, lakini hakikisha hayatokani na mbao zilizopakwa dawa ya kuzuia mchwa. Magazeti yaliyochanwa yanafaa kwa dharura. Ule mchanga maalumu unaouzwa katika mifuko madukani ni mzuri, ila ule uliotiwa manukato umetengenezwa kumpendeza mnunuzi; paka wengi huukimbia, kwa kuwa pua zao ni kali mno kuliko zetu. Kwa hiyo ukitaka kununua, nunua usio na harufu, tena mfuko mdogo kwanza.

Ondoa kinyesi na mabonge ya mkojo kila siku, na walao mara moja kwa wiki mwaga mchanga wote, osha beseni kwa maji na sabuni ya kawaida, ulianike juani. Paka wawili wahitaji mabeseni matatu, yaani moja kwa kila paka na moja la ziada, wala yasipangwe pamoja ukutani, maana paka mbabe mmoja ataweza kuyalinda yote. Weka beseni mahali patulivu, mbali na sahani ya chakula na mbali na jenereta, pampu ya maji au mlango wa watoto wanaokimbizana. Ukimpata paka mahali asipotakiwa, usimsugue pua katika mkojo wala usimpige. Hatajifunza kwenda kwenye beseni. Atajifunza kujificha uvunguni ukiwapo wewe, na hofu, kama nilivyosema, huongeza ugonjwa wa kibofu. Isitoshe, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa mnyama, na paka yumo.

Jambo la tatu, kuweka alama, hulitambua kwa macho. Paka husimama, mkia juu ukitetemeka, naye hurusha mkojo nyuma yake ukutani, kwenye pazia au kwenye mguu wa meza. Hachuchumai. Huyu anaandika jina lake. Mara nyingi ni dume asiyehasiwa, na dume kama huyo mkojo wake hunuka kuliko wa paka mwingine yeyote. Kumhasi huwakomesha takriban tisa katika kila madume kumi. Majike nao huweza kuweka alama, hasa wakati wa joto lao, na kufungwa uzazi huwasaidia. Kazi hii ifanywe na daktari wa mifugo kwa dawa ya usingizi, si na kijana wa mtaani mwenye wembe.

Sasa nije katika harufu, ambayo ndiyo iliyomleta mama yule ofisini kwetu, na ndiyo inayoharibu ujirani na mikataba ya upangaji.

Mkojo wa paka una nguvu kwa kuwa ni mzito, na kwa kuwa kila unavyokaa huvunjika na kutoa amonia pamoja na misombo yenye salfa. Una pia asidi ya yuriki, ambayo hukauka kuwa chembe zisizoyeyuka vizuri katika maji. Ndiyo sababu unaosha leo, harufu inakwisha, na mvua ikinyesha keshokutwa hewa ikawa na unyevu, harufu inarudi. Sakafu ya saruji isiyo na vigae huunywa mkojo kama sifongo. Na madhali pua ya paka inaipata harufu hiyo, kwake mahali pale pameandikwa choo.

Kwanza tafuta mahali penyewe hasa. Mawakala wa fedha na wenye maduka wanayo tochi ndogo ya mwanga wa zambarau ya kukagulia noti. Azima moja, zima taa usiku, umulike sakafu na kochi. Mkojo mkavu hung'aa kwa rangi ya manjano hafifu. Utashangaa kuona ulikuwa ukiosha mahali pasipo penyewe.

Kisha, ikiwa mkojo ni mbichi, ufyonze kwa kitambaa bila kusugua, na suuza kwa maji baridi. Halafu tumia kisafishaji chenye vimeng'enya, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyovunja uchafu huo badala ya kuufunika. Vipo visafishaji vilivyotengenezwa mahususi kwa mkojo wa wanyama; lakini hata baadhi ya sabuni za unga za kufulia zina vimeng'enya, na lebo husema hivyo. Yeyusha sehemu moja ya sabuni katika sehemu tisa za maji ya uvuguvugu, jaribu kwanza kwenye pembe isiyoonekana ya zulia, loanisha mahali pote, acha robo saa, suuza, anika juani. Usiikaushe haraka, vimeng'enya hufanya kazi vikiwa na unyevu. Saruji iliyokunywa mkojo kwa miezi huhitaji kurudiwa mara kadhaa. Pakishakauka, weka sahani ya chakula cha paka hapohapo kwa muda. Paka hapendi kujisaidia mahali anapolia chakula.

Kwa ndugu Waislamu, masheikh wetu wanatufundisha kuwa mkojo wa paka ni najisi ingawa mabaki ya chakula chake si najisi, na najisi huondolewa kwa maji safi. Basi suuzeni msala au mkeka kwa maji safi mwishoni, baada ya sabuni kufanya kazi yake, na mtakuwa mmetimiza mambo mawili.

Sasa yale yasiyofaa kununuliwa wala kumwagwa, na hapa naomba mniazime masikio.

La kwanza ni maji ya klorini, yale ambayo wengi wetu huyaita jiki bila kujali jina lililo kwenye chupa. Yakimwagwa juu ya mkojo, klorini hukutana na amonia, ukatoka mvuke unaounguza macho, koo na mapafu. Katika chumba kidogo kilichofungwa, chenye mtoto mwenye pumu, hatari ya mvuke huo ni kubwa kuliko ya mkojo wenyewe. Vilevile usichanganye klorini na siki wala na dawa ya chooni yenye asidi, kwa kuwa hutoa gesi ya klorini. Kama umekwisha kufanya hivyo, toka nje, fungua madirisha ikiwa unaweza bila kuvuta hewa hiyo, na mwenye kukohoa au kubanwa kifua apelekwe hospitali.

La pili ni dawa za kuua vijidudu zenye fenoli. Nyingi zina harufu ya lami, na zikitiwa maji hugeuka nyeupe kama maziwa. Bila shaka mmekumbuka ile chupa. Paka hukanyaga sakafu, kisha hujiramba nyayo, na ini lake haliimudu fenoli kama lisivyoimudu parasetamoli. Huathirika ini na figo, na ngozi ya nyayo huungua. Soma orodha ya viambato. Ukiona neno fenoli au jina linaloishia kwa "fenoli", hata likiwa limeandikwa kwa Kiingereza, usiitumie mahali anapopita paka.

La tatu ni vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo na mende. Wapo wanaovitawanya sakafuni ili paka asisogee. Vina sumu kwa paka, na mtoto anayetambaa huviona kama peremende.

La nne ni dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, yenye pemetrini. Haihusiani na mkojo, lakini huuzwa na watu walewale na kwa maneno yaleyale, kwamba paka akipakwa atatulia. Paka akipakwa hutetemeka, hushikwa na degedege, na aweza kufa.

Dawa za kuua panya sizihesabu hapa, kwa kuwa mwenye kuzinunua kwa ajili ya paka hakusudii kumtibu.

Nitataja kwa kifupi namna ya kununua kilicho halali. Kisafishaji cha nyumbani kiwe katika chombo chake cha asili kilichofungwa, chenye jina la mtengenezaji, viambato, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi na tahadhari. Na kama kinapaswa kuwa na alama ya ubora ya TBS, itafute. Dawa ya mnyama iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo kazi yake haiishii kwenye dawa za binadamu. Anayejiita daktari wa mifugo unayo haki ya kumwuliza kama amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Daktari wa kweli hakasiriki akiulizwa. Dai risiti. Na kitu chochote kilichopimwa katika chupa ya maji au ya soda kikatae hata ukipewa bure, kwa ajili ya paka, na zaidi kwa ajili ya mtoto atakayekuja kuinywa chupa hiyo akidhani ni juisi.

Akina mama wajawazito wameniomba nje, kabla ya kikao, niwagusie. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplasma, ambavyo humdhuru mtoto aliye tumboni iwapo mama ataambukizwa wakati wa ujauzito. Vimelea hivyo, vikishatoka, huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Kwa sababu hiyo beseni lisafishwe kila siku, na asafishe mtu mwingine. Kama hayupo, vaa glavu na unawe mikono kwa sabuni. Mnaolima bustani nanyi vaeni glavu, osheni mboga, na nyama iive vizuri, kwa maana vimelea hivyo hupatikana pia katika udongo na katika nyama mbichi. Si lazima paka atupwe. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwi, nami sioni sababu ya kitabibu ya kuwapinga.

Kwa wapangaji wenye ugomvi na mwenye nyumba, ushauri wangu ni huu: mwelezeni mapema kuwa mmegundua chanzo na mnachofanya, na mwombeni muda wa wiki tatu au nne. Mazoea ya paka hayabadiliki kwa siku mbili, na mwenye nyumba anayejua hivyo huvumilia kuliko yule anayesikia tu harufu.

Mwisho, kuhusu kuja kwetu. Ukiuziwa bidhaa isiyo na lebo au iliyokudhuru, njoo na chombo chenyewe kikiwa kimefungwa, risiti kama ipo, na picha ya mahali uliponunua. Fomu yetu imebadilishwa. Swali la kwanza sasa si jina la bidhaa. Ni kama kuna mtu au mnyama nyumbani anayeonyesha dalili za ugonjwa, na ni dalili gani. Ukijibu ndiyo, utaambiwa uende kwanza hospitali au kwa daktari wa mifugo, na chupa tutaichunguza hata wiki ijayo.

 Mwenyekiti akiniruhusu, nitapokea maswali.